Barua ya Wazi kwa Bodi ya Wahariri: Tarihi za Monasteri za Ireland Zina Waandishi, Nakala na Umri

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wahariri wa kitabu cha rejea kuhusu vyanzo vya historia ya Zama za Kati

YAH: MAREKEBISHO YA SURA INAYOHUSU TARIHI ZA MONASTERI ZA IRELAND

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote nakuandikia tena, safari hii mbele ya wasomaji, kuhusu sura ya kitabu chenu inayoeleza tarihi, yaani kumbukumbu za matukio ya mwaka baada ya mwaka, zilizoandikwa katika monasteri za Ireland. Barua nilizowatumia faragha zilijibiwa kwa shukrani na kwa ahadi kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Kisha kitabu kikachapishwa upya bila herufi moja kubadilika. Kwa kuwa ni miongoni mwa vitabu vichache sana vya Kiswahili vinavyojaribu kumfundisha mwanafunzi wa chuo namna ya kusoma chanzo cha kale, na kwa kuwa walimu ndio tunaobaki darasani kujibu maswali ambayo kitabu kimeyazua, nimeona sina budi kulileta jambo hili hadharani. Sitataja jina la kitabu wala la shirika lenu. Ninyi mtajitambua, na walimu wanaokitumia watakitambua vilevile.

Nianze na kiini cha malalamiko yangu, ili hoja zitakazofuata zisionekane kuwa za kuokoteza. Sura yenu inazizungumzia tarihi hizi kana kwamba ni kitabu kimoja, kilichoandikwa na watawa walioyashuhudia matukio, kikafungwa, na kikatufikia kama kilivyofungwa. Hali halisi ni kwamba tulichonacho ni miswada mbalimbali, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, mingi ikiwa nakala za nakala, iliyoandikwa kwa karne tofauti na kwa mikono ya watu tofauti, na baadhi yake ikiwa imeandikwa miaka elfu moja baada ya matukio inayoyasimulia. Mwanafunzi asiyeambiwa nani aliandika, wapi, lini, na akinakili kutoka wapi, hana kipimo chochote cha kupimia anachokisoma. Kitabu kinachojitangaza kuwa cha vyanzo kimenyamaza hasa pale ambapo kilitakiwa kusema.

1. Tukio moja limepewa miaka mitatu.

Mwanzoni mwa sura mnasema Waviking waliishambulia Ireland kwa mara ya kwanza mwaka 790. Kurasa chache mbele mnasema ilikuwa 794. Katika jedwali la mwishoni mmeandika 795. Kote mnataja tukio lile lile, yaani kuchomwa moto kwa Rechru, kisiwa ambacho wasomi hadi leo wanabishana kama ni Rathlin kule kaskazini au Lambay karibu na Dublin. Hakuna mstari mmoja unaoeleza kwa nini miaka inatofautiana. Wanafunzi wenye bidii huniuliza ni upi wa kuandika kwenye mtihani, na wasio na bidii huamua kwamba historia ni kubahatisha.

Sababu ipo, na ingetosha aya moja. Mwaka 790 mmeuchukua katika Tarihi ya Mabingwa Wanne, kazi iliyokusanywa kati ya Januari 1632 na Agosti 1636 na Míchéal Ó Cléirigh, bruda wa Shirika la Wafransisko, pamoja na wenzake, wakitumia vitabu vya kale walivyovikusanya kutoka pande nyingi za nchi. Mpangilio wao wa miaka kwa kipindi hiki uko nyuma kwa miaka kadhaa, na hata vita vya Clontarf vya Aprili 1014, ambavyo kila mtoto wa Ireland anavijua, wameviweka chini ya mwaka 1013. Mwaka 794 ndio ulioandikwa katika mswada wa Tarihi ya Ulster, ambayo kuanzia mwishoni mwa karne ya 5 hadi mwanzoni mwa karne ya 11 iko nyuma kwa mwaka mmoja. Na 795 ni mwaka sahihi baada ya wasomi kuusahihisha mswada huo. Kumbe ile miaka mitatu haigombani hata kidogo. Kila mmoja unaonyesha mkono uliouandika, na mngeliweza kuitumia kufundishia somo zima la ukosoaji wa vyanzo.

Ni vyema pia mwanafunzi aonyeshwe jinsi kosa linavyoingia. Katika tarihi hizi kila mwaka hufunguliwa kwa herufi K au Kl, kifupisho cha neno la Kilatini linalotaja siku ya kwanza ya mwezi, hapa Januari mosi. Katika miswada kadhaa, ukiwamo wa Ulster, hufuata siku ya juma iliyoangukia Januari mosi na umri wa mwezi mwandamo siku hiyo. Mnakili aliyechoka akiruka K moja, matukio ya miaka miwili yanaungana kuwa ya mmoja, na kila kinachofuata kinarudi nyuma mwaka mzima. Akiiandika K mara mbili, mambo yanasogea mbele. Lakini ile siku ya juma na ule umri wa mwezi vikibaki salama, mtu mwenye kalenda na subira anaweza kurudi nyuma akaonyesha kosa lilipoanzia. Nilidhani hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika sura hii. Halimo.

Nami niongeze dogo juu ya habari hiyo hiyo ya Rechru. Tarihi ya Ulster inasema kwamba baada ya Rechru kuchomwa, kisiwa cha Skye kiliangamizwa na kuporwa. Mabingwa Wanne wanasema kilichovunjwa na kuporwa ni makasha ya mabaki matakatifu ya Rechru penyewe. Tofauti kati ya kisiwa kizima kilichoko Uskoti na makasha ya kanisa moja si ndogo, na imetokana na herufi chache tu katika kunakili. Kitabu chenu kimeinukuu habari ya makasha na kuiwekea jina la Ulster.

2. Umri wa habari umechanganywa na umri wa mswada.

Mnaandika kwamba Tarihi ya Ulster "iliandikwa mwaka 431". Mwaka 431 ni ule wa habari ya kwanza iliyomo, ya Palladius kutumwa na Papa Celestine kuwa askofu wa Wakristo wa Ireland. Mswada wenyewe, uliopo leo Chuo cha Trinity, Dublin, ulianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya Cathal Mac Maghnusa, katika kisiwa kidogo cha ziwa Erne, eneo la Fermanagh. Mwandishi wake mkuu alikuwa Ruaidhrí Ó Luinín. Cathal alifariki 1498, na wengine wakaendelea kuongeza habari hata baada yake. Kati ya Palladius na kalamu ya Ó Luinín kuna zaidi ya miaka elfu moja, na kitabu chenu kimeifuta kwa neno moja.

Sisemi kwamba habari za kale ni za kutungwa. Wasomi wengi wanakubaliana kwamba chini ya tarihi zote kubwa kuna tabaka la zamani lililoanza kuandikwa kisiwani Iona, pwani ya Uskoti, katika monasteri iliyoanzishwa na Colum Cille mwaka 563, na kwamba karibu na mwaka 740 uandishi huo ulihamia Ireland kwenyewe. Wanakubaliana pia kwamba hadi mwaka 911 tarihi ya Ulster na zile za kundi la Clonmacnoise, monasteri ya katikati ya Ireland, zinatoka katika chemchemi moja. Ila chemchemi hiyo haipo mkononi mwa mtu yeyote. Imejengwa upya kwa kulinganisha nakala za baadaye, neno kwa neno, na aliyeisoma imechapishwa kama kitabu anapaswa kujua kwamba anasoma kazi ya akili ya wasomi wa zama zetu, iliyo nzuri na yenye kutegemewa, lakini isiyo mswada.

Mkitaka kumwonyesha mwanafunzi mswada wa kale kweli, upo wa Tarihi ya Inisfallen, unaohifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Mwandishi wa kwanza aliandika kwa mfululizo mmoja hadi kufikia mwaka 1092, akiwa ananakili kitabu cha kabla yake. Baada ya hapo mikono inabadilika tena na tena hadi karne ya 14, mwingine akiandika miaka michache na kuondoka, na mwingine akishika pale alipoachia. Hapo ndipo msomaji anapoweza kuona, kwa jicho lake, mahali ambapo kunakili kumekoma na kuandika kwa wakati wake kumeanza. Katika sura yenu Inisfallen imepewa nusu sentensi, na kisiwa chake mmekiweka pwani ya bahari, ilhali kiko ndani ya ziwa la Leane, Killarney.

Tigernach naye mmemfanya mwandishi wa tarihi yote inayobeba jina lake, tangu mwanzo hadi 1178. Tigernach Ua Braín, abati wa Clonmacnoise, alifariki 1088. Ndani ya mswada, chini ya mwaka huo, kuna maneno mafupi ya Kilatini yanayosema kwamba Tigernach aliandika hadi hapo. Miaka tisini iliyobaki basi ni ya nani? Hata kiasi gani cha yaliyotangulia ni chake ni jambo linalobishaniwa, na mswada mkuu ni wa karne ya 14.

3. Si kila mwandishi alikuwa mtawa.

Sura nzima inasema "watawa waliandika" hadi karne ya 17. Monasteri ndizo zilizoanza kazi, hilo halina ubishi. Lakini baada ya mageuzi ya kanisa ya karne ya 12, uandishi wa tarihi ulihamia kwa kiasi kikubwa kwenye koo za wanahistoria waliorithishana elimu hiyo baba kwa mwana na kuhudumia watawala: Ó Maoil Chonaire, Mac Fhirbhisigh, Ó Duibhgeannáin, Ó Cléirigh. Tarihi ya Loch Cé, inayoanza na vita vya Clontarf, iliandikwa kwa ajili ya Brian Mac Diarmada, mtawala aliyefariki 1592. Cathal wa Ulster niliyemtaja alikuwa kasisi mwenye vyeo, na pia mkuu wa ukoo na baba wa watoto wengi, ingawa habari ya kifo chake inamsifu kwa usafi wa njiwa. Hata Mabingwa Wanne, ambao mmewaita watawa wanne, walikuwa bruda mmoja na wanahistoria walei kutoka koo hizo. Jambo hili linabadilisha usomaji, kwa sababu mwanahistoria wa mtawala ana sababu zake za kukuza kifo cha huyu na kunyamazia kushindwa kwa yule.

4. Picha haihusiani na sura.

Picha kubwa inayofungua sura ni ya Kitabu cha Kells, na maelezo yake yanasema ni "ukurasa wa tarihi". Kitabu cha Kells ni Injili nne kwa Kilatini, kazi ya karibu mwaka 800, na hakina tarihi ndani yake. Naelewa kilichowavutia, kwa maana kurasa za tarihi si za kuvutia macho: maandishi ya kubanana, K zilizopangwa pembeni, madokezo ya wasomaji wa baadaye. Lakini mngeweza kuviunganisha vitabu hivi viwili kwa haki kabisa. Tarihi ya Ulster, chini ya mwaka 1007, inasimulia kwamba Injili kuu ya Colum Cille iliibwa usiku kutoka kanisa kuu la mawe la Kells kwa ajili ya kasha lake lenye dhahabu, ikaja kupatikana baada ya miezi miwili na siku ishirini, dhahabu imeshabanduliwa na kitabu kimefunikwa kwa udongo wenye majani. Wengi huamini kwamba Injili hiyo ndiyo Kitabu cha Kells. Nukuu hiyo ingeihalalisha picha yenu bila kumdanganya mtu.

5. Mmenyamazia yaliyopotea, na mmeyalaumu yasiyohusika.

Mnaandika kwamba tarihi nyingi "ziliteketea katika moto wa Dublin mwaka 1922". Moto wa Juni 30, 1922 uliiteketeza Ofisi ya Kumbukumbu za Umma katika jengo la Four Courts, na hasara yake ilikuwa kubwa mno: sensa, wasia, rejista za parokia, nyaraka za serikali za karne nyingi. Miswada mikuu ya tarihi haikuwamo. Ilikuwa Trinity, katika Akademia ya Kifalme ya Ireland, na ng'ambo. Ile ya Inisfallen na Tigernach ilikuwa Oxford tangu karne ya 18, ilikofika kwa wasia wa Richard Rawlinson baada ya kupitia, miongoni mwa wengine, mikononi mwa Sir James Ware wa Dublin. Kosa hili linawaondolea lawama waliostahili na kuwabebesha wasiohusika.

Namna tarihi zilivyopotea kweli inasimuliwa na wale waliookoa mabaki. Mwaka 1627 Conall Mac Eochagáin alitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha kale tunachokiita Tarihi ya Clonmacnoise. Katika utangulizi wake analalamika kwamba warithi wa koo za wanahistoria walikuwa wameacha kuvijali vitabu vya mababu zao, hata wakawaruhusu washona nguo kuzikata kurasa vipande virefu vyembamba ili wapate tepe za kupimia watu. Ngozi ya ndama iliyobeba miaka ya wafalme na maaskofu ikaishia kupima kiuno cha mteja! Kitabu alichokitafsiri kimepotea, na mswada wa mkono wake mwenyewe pia umepotea. Tunachosoma ni nakala za tafsiri, zenye Kiingereza cha wakati wake na maneno yake ya kuongezea. Katika orodha yenu tarihi hii imewekwa sambamba na nyingine, kama kwamba ipo kwa Kiirishi cha kale.

Karibu na katikati ya karne hiyo hiyo Dubhaltach Mac Fhirbhisigh alinakili tarihi nyingine ya kundi la Clonmacnoise, iitwayo Chronicon Scotorum. Alipofika katika karne ya 8 akakuta kurasa za kitabu cha zamani hazipo. Hakuziba pengo kwa habari za kukisia. Aliacha nafasi, akaandika kwamba kurasa za kitabu kikuukuu anachokinakili zimekosekana hapo, kisha akaweka jina lake. Namheshimu mtu huyu kuliko watafsiri na wahariri wengi waliomfuata. Mapengo kama hayo yapo kwingine pia: Tigernach inakatika kati ya 766 na 974, na Ulster haina miaka ya 1132 hadi 1155. Grafu yenu ya "kupungua kwa mashambulizi" katika kipindi hicho cha Ulster, Ndugu Mwenyekiti, inapima kurasa zilizonyofoka.

Nanyi hamkumtaja kabisa John Clyn, Mfransisko wa Kilkenny, aliyeandika kwa Kilatini wakati tauni kuu ilipofika. Akiwa katikati ya wafu, na akiamini kwamba zamu yake inakaribia, alieleza kwamba anaacha ngozi ya ziada ili kazi iendelezwe, iwapo pengine atabaki mtu yeyote wa uzao wa Adamu. Habari zake zinaishia mwaka 1349, na mkono mwingine umeongeza kwamba inaonekana hapa mwandishi alifariki. Mswada wake wa asili nao haupo, na tunamsoma kwa nakala za karne ya 17. Kama mlitafuta mfano mmoja wa kumfundisha mwanafunzi tofauti ya shahidi, mnakili na nakala, usingepatikana ulio bora zaidi.

6. Mmeidharau tarihi kwa sababu ya meli za angani.

Sura inamalizia kwa kusema kwamba, kwa vile Tarihi ya Ulster inataja meli zenye mabaharia zikionekana angani juu ya Clonmacnoise mwaka 749, basi tarihi hizi zisomwe "kama ngano". Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Tarihi hiyo hiyo inaandika giza la Mei mosi, mwaka 664, saa ya tisa ya mchana kwa hesabu ya kale. Hesabu za elimu ya anga zinathibitisha kwamba jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Bede, mwanahistoria mashuhuri wa Uingereza mnayemsifu katika sura iliyotangulia kwa umakini wake, aliiweka siku hiyo kuwa Mei 3. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya watafiti waliozilinganisha habari za baridi kali katika tarihi za Ireland, kuanzia 431 hadi 1649, na mabaki ya milipuko ya volkano yaliyohifadhiwa katika barafu ya Greenland, wakakuta kwamba vipindi vingi vya baridi kali vilifuata milipuko mikubwa. Mtawa aliyeandika kwamba maziwa yaliganda hata watu na mifugo wakapita juu yake hakujua lolote kuhusu volkano ya mbali. Aliandika alichokiona, na ndiyo maana ushahidi wake una thamani. Chanzo kinaweza kuwa na meli za angani ukurasa huu na tarehe sahihi ya kupatwa kwa jua ukurasa ule, na kazi ya kitabu cha vyanzo ni kumfundisha msomaji kuvipima vyote viwili.

Nazijua sababu ambazo huenda mtazitoa, kwa kuwa baadhi mmeshazidokeza.

Mtasema kitabu ni cha utangulizi na hakiwezi kubeba mambo ya kitaalamu. Lakini hakuna utaalamu katika kuandika "mswada wa mwishoni mwa karne ya 15" mbele ya nukuu. Na anayeanza ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa, kwa sababu bingwa atagundua mwenyewe.

Mtasema vyanzo viko mbali na ni ghali. Hapana. Matini za tarihi nyingi, kwa Kiirishi na Kilatini pamoja na tafsiri za Kiingereza, zimewekwa bure mtandaoni na Chuo Kikuu cha Cork, na picha za miswada mingi ya Kiirishi zinatolewa bila malipo na Taasisi ya Mafunzo ya Juu ya Dublin. Mwanafunzi mwenye simu aliyepo Morogoro au Eldoret anaweza kuisoma habari ya Rechru katika matini ya Ulster na ya Mabingwa Wanne jioni moja. Wanafunzi wangu wameshafanya hivyo, na ndipo walipouliza kwa nini kitabu kinasema vingine.

Mtasema wasomi wenyewe hawakubaliani. Ni kweli kwamba yapo yanayobishaniwa, nami nimeyataja baadhi. Ila hakuna msomi anayebishana kama Kitabu cha Kells ni tarihi, wala kama Ó Luinín aliishi karne ya 5.

Sababu inayoniudhi ni ile niliyoandikiwa kwamba habari za Ireland hazimhusu sana msomaji wa Afrika Mashariki, hivyo kosa dogo halina madhara. Kama hazimhusu, mngeziacha. Mkishaziweka kitabuni mnawajibika kwazo. Zaidi ya hayo, sura inayofuata ya kitabu hicho hicho inaizungumzia tarihi ya Kilwa, na kosa ni lile lile. Tarihi ya Kilwa inajulikana kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na maandishi ya Kiarabu ambayo nakala yake, iliyoko London, ilinakiliwa Zanzibar katika karne ya 19. Orodha za masultani katika njia hizo mbili hazilingani. Kitabu chenu kimeziunganisha kimyakimya kuwa orodha moja safi. Aliyefundishwa kuuliza habari za Ó Luinín atauliza na habari za mnakili wa Zanzibar. Asiyefundishwa ataimeza orodha hiyo kama ilivyo.

Ninachokiomba ni hiki. Kwanza, pasipo kusubiri toleo jipya, mtoe karatasi ya masahihisho ya makosa yasiyobishaniwa, yaani miaka ya Rechru, mwaka 431, kisiwa cha Inisfallen, picha ya Kells, moto wa 1922 na ile grafu, na muitume kwa vyuo vyote vilivyonunua kitabu. Pili, katika toleo lijalo kila nukuu ya tarihi iandikiwe ubavuni jina la mswada, mahali ulipo na karne ulioandikwa, na palipo na mwaka uliosahihishwa, uandikwe pamoja na ule ulioko katika mswada. Tatu, iongezwe sehemu juu ya miswada iliyopotea na mapengo, kwa kuanzia na Clonmacnoise na Clyn. Nne, sura hii na ile ya Kilwa zipitiwe na mtu anayefanya kazi na miswada kabla hazijaenda kwa mchapishaji. Wapo Waswahili wenye ujuzi huo wa miswada ya Kiarabu na ya Kiswahili, na kanuni za kazi hazitofautiani. Ikiwa hamna nafasi ya kuyafanya yote, lianzeni la karatasi ya masahihisho, ambalo halihitaji fedha nyingi.

Naomba pia kwamba jibu lenu, liwe la kukubali au la kukataa, litolewe hadharani kama barua hii, likijibu hoja kwa namba zake. Ikiwa kuna mahali ambapo nyinyi mna mswada au hoja nisiyoijua, niko tayari kuisoma, na nitaipeleka darasani pamoja na barua hii. Muhula mpya ukianza kabla jibu halijafika, tutaendelea kukitumia kitabu kwa sababu hatuna kingine, ila sura hiyo tutaifundisha kwa kuanzia na mswada, na kurasa zenu wanafunzi watapewa wazisahihishe kama zoezi.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa historia, chuo cha ualimu